Mstari wa Fundi Moyo

Wagonjwa walimwita Fundi Moyo. Sisi wauguzi tulimwita Ukuta, maana uso wake haukusema kitu. Miaka kumi na tisa alipima mioyo katika chumba kile chenye pazia la bluu, na mgonjwa akimuuliza kama atapona, jibu lilikuwa lile lile: "Daktari atakwambia." Mimi nilikuwa msaidizi wake, wa kupaka jeli na kubandika nyaya. Nilimwogopa, wala sioni haya kusema.

Kazi yenyewe ni hii. Mashine inaonyesha moyo ukijaa na ukibana. Fundi anachora mstari kufuata ukuta wa ndani wa chumba cha kushoto cha moyo, mara ukiwa umejaa, mara ukiwa umebana, na mashine inatoa asilimia ya damu iliyosukumwa. Moyo mzima hupita hamsini. Kwetu, ukiwa chini ya thelathini na tano, mgonjwa analazwa na bingwa anaitwa siku hiyo hiyo.

Jumatatu moja akaingia shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Miguu imevimba, pumzi anazivuta kwa kazi. Mpimaji mwingine alikuwa likizo.

"Baba, mikono yako bado ya baridi vile vile," akamtania.

"Shangazi, usiongee, picha inatikisika."

Akachora. Arobaini na nne. Akashusha pumzi, akaanza kuandika.

Picha za aina hiyo nimeziangalia hadi naziota. Mstari wa moyo uliobana ulikuwa umeingia ndani, mbali na ukuta, hivyo moyo ukaonekana unabana vizuri kuliko ulivyobana. Hakukusudia kudanganya, nilimjua. Alitaka mno shangazi awe mzima, na mkono ukamfuata.

"Kaka," nikamnong'oneza, "rudia."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana. Lakini angekuwa mtu baki, ungeandika hiyo?"

Alinikazia macho. Kisha akafuta. Safari hii aliinama hadi pua karibu iguse kioo, akaufuata ukuta nukta kwa nukta, mapigo matatu. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Ishirini na nane.

"Mbona kimya?" shangazi akauliza. "Au ndiyo daktari ataniambia?"

"Hapana, shangazi. Nakwambia mimi. Moyo wako umechoka sana. Leo hurudi nyumbani."

Akalia pale pale, jeli mkononi. Shangazi akamfuta machozi kwa ncha ya shuka, akimwambia anyamaze, yeye ndiye mgonjwa.

Alilazwa, akapata dawa, akaishi miaka mitatu na miezi miwili. Siku tuliyomzika, fundi alinivuta pembeni.

"Ile arobaini na nne," akasema, "ningempeleka nayo nyumbani akafe, Sista. Tena ningempeleka nikiwa na furaha."