Ile Tatu Haikuwa Kilo

Msinitafutie kisingizio. Nilikosa mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na nikizidi kukaa na jambo hili moyoni nitapasuka.

Mimi ni mwenyeji wa Chome, juu kwenye milima ya Upare. Nilimaliza kidato cha nne nikapata C ya kemia, na C ile ilinivimbisha kichwa! Redio ya jirani ikikata, naitwa mimi. Kuku akiumwa, naitwa mimi.

Mwaka jana kina mama wakaniomba niwafundishe kutengeneza sabuni. Nikashuka Same mjini kununua kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mlinganyo niliukumbuka vizuri: mafuta moja, kostiki tatu, unapata sabuni tatu na gliserini moja. Mimi nikasoma kilo moja ya mafuta kwa kilo tatu za kostiki. Jamani! Ujinga mtupu, tena wa kujiamini.

Siku yenyewe kina mama walitoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji ya kutengeneza barabara, majembe bado begani, wakajaa uwanjani kwetu. Nikamimina kostiki kwenye ndoo ya maji. Ikafoka, ikatoa mvuke, ndoo ikawa haishikiki kwa moto. Wakapiga vigelegele. Nilijiona profesa.

Mdogo wangu, nimwite Namkunda, yuko kidato cha tatu na alikuwa likizo. Akasogea.

"Kaka, subiri kwanza. Ile tatu siyo kilo."

"Ni nini basi, mwalimu?"

"Ni idadi ya molekuli. Ya mafuta ni kubwa sana, ya kostiki ni ndogo. Ukiwa na maharage matatu na boga moja, utasema maharage ndiyo mazito? Kilo moja ya mafuta haitaki hata robo kilo ya kostiki. Hii itawachuna watu ngozi."

Mama mmoja akaangua kicheko. "Loo! Mwalimu kapata mwalimu wake!"

Kicheko kile ndicho kilichoniwasha. Nilimzaba Namkunda kofi kwa nguvu zangu zote. Akapepesuka, akaiangukia ndoo, na maji yale yakamrukia usoni.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Alijikwaruza kwa kucha, akajibamiza chini, anaita, "Mamaa, nakufa!" Ngozi ya shavu ikawa inateleza na kubambuka. Na mimi, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Si umejitakia!"

Kina mama walimshika wakammwagia maji, dumu baada ya dumu. Mama yetu mzazi alinirukia na mpini wa jembe, akanitandika mgongoni na kichwani mpaka mpini ukavunjika. Sikujikinga. Kisha tukashuka naye hospitali Same, na barabara yetu ni mashimo matupu. Kila gari liliporuka, Namkunda alipiga yowe.

Jicho la kulia halikupona.

Nilipokwenda wodini, shikamoo yangu kwa mama haikuitikiwa. Aliyeongea ni Namkunda, bandeji imemfunika nusu ya uso.

"Kaka, sikutaka kukuaibisha. Niliogopea mikono ya mama. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuifulia sabuni ile."

Nikatoka nje.

Mama hajanisemesha mpaka leo. Chakula changu huwekwa mezani, watu wakaondoka.

Wenzangu mnaokumbuka mambo ya shule nusu nusu, zile namba za mbele kwenye mlinganyo zinahesabu chembe, hazipimi uzito. Hilo ukilikosea utaelekezwa. Lakini mdogo wako akikuelekeza mbele za watu na mkono ukakuwasha, utie mfukoni, uondoke zako! Kicheko kile kingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mimi sasa nikipita upande wa kulia wa mdogo wangu bila kuongea, anashtuka na kujikinga uso kwa mikono miwili.