Pasta Ameombea Mashine Yangu

Leo nimeombewa nikiwa kazini, na sikuwa mgonjwa.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, huku kijijini Manga, na DJ ni mimi. Watu wamezoea DJ wa kupiga kelele juu ya kila wimbo. Mimi napiga muziki wa andagraundi: midundo mitupu, hakuna maneno, inapanda polepole, polepole...

Shangazi akanijia. "Mwanangu, wimbo unaanza saa ngapi?"

"Shangazi, si ndio huu!"

Akaenda kumwita pasta. Pasta akaweka mkono kwa mashine yangu, akakemea pepo.

Aliposema "Amina," besi ikaingia.

Jamani, hapo ndipo nilipokuwa nimeipanga iingie!

Uwanja mzima ukainuka. Bibi harusi akavua viatu.

Kuna harusi nyingine wiki ijayo. Wamemwita pasta aje kuingiza besi. Mimi nimeambiwa nibebe spika.

Niende?