Pikipiki ya Katekista

Jumatatu ya Pasaka mvua iligoma kukatika, lakini mama alishikilia kwamba lazima twende Itetemia. Huko kuna mzee aliyefungua makumbusho ya magari na pikipiki za zamani, na mwanajumuiya mwenzake kanisani alikuwa amemwambia mama kwamba pikipiki ya marehemu baba imo. Baba alikuwa katekista Nzega. Alipofariki pikipiki ilirudi parokiani, ikauzwa, na sisi hatukujua ilikoishia. Sasa mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na alitaka aipande mara moja tu angali anaona.

"Ilikuwa ya kijani, baba," aliniambia njiani. Huniita baba tangu nikiwa mdogo, na mumewe naye alimwita hivyohivyo. Mimi naikumbuka nyekundu. Naikumbuka sana, mpaka nikaanza kujitilia shaka.

Makumbusho yenyewe ni banda la bati, na mvua ilipiga juu yake hata tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Ndoo zilikinga matone katikati ya magari. Mzee mwenyewe alitupokea vizuri, nikampa shikamoo yake, akaitikia. Kosa letu lilikuwa kumwambia kwamba sisi ni Wanyamwezi, kwa sababu yeye ni Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wetu.

"Wanyamwezi na magari wapi na wapi?" akauliza. "Nyie si mlikuja kwetu pwani kwa miguu, pembe mabegani?"

"Tukawakuta mmekaa," mama akamjibu. "Mnangoja nazi idondoke yenyewe."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikasirika. Nilikuja kutafuta jibu, na mtu akishaanza utani huwezi kumwamini hata akikwambia mvua inanyesha. Nikamwuliza kwa adabu ni ipi iliyokuwa ya katekista wa Nzega. Akatupeleka moja kwa moja kwenye pikipiki ya bluu.

"Hii hapa. Marehemu aliniachia mwenyewe. Alisema mke wake ataifuata, na akija, nirithi vyote viwili."

Mama alijifunika mdomo kwa khanga. Sikujua anacheka au analia, na nilishindwa kumwuliza.

Nikainama kutafuta alama. Mama alizoea kukaa upande, na kwa kuwa ni mfupi, miguu ilikuwa ikining'inia. Kwa hiyo baba alimwambia fundi amchomelee kipande cha chuma cha kukanyagia, upande wa kushoto. Kwenye hii hapakuwa na chuma. Palikuwa na kovu la kutu. Huenda kuna kitu kiliwahi kuchomelewa pale, huenda ni kutu tu. Kijani, nyekundu, bluu: nilishika kichwa.

"Nipandishe," mama akasema.

Nikampandisha. Miguu yake ilipapasa hewani upande wa kushoto, ikatafuta, haikupata kitu.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Uso wa mzee ulibadilika. Aliivua kofia yake. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakutania tu. Hii niliinunua kwa mfugaji mmoja kule Choma. Ya katekista mimi siijui."

"Najua," mama akamjibu. "Kwani mtani yeye hataniwi?"

Mzee akacheka kwa kujilazimisha, akanyoosha mkono amsaidie kushuka. Mama hakuupokea.

"Usinishushe kwanza," akasema. Kisha akageuza uso kunielekea. "Njoo ukae mbele."

Niliona aibu, mtu mzima na ndevu zangu, lakini nikakaa. Nikashika usukani. Akanizungushia mkono kiunoni, akaegemeza shavu mgongoni kwangu, na shati langu lilikuwa bado limelowa.

"Polepole, baba," akasema. "Kuna matope."

Nikaitika, ingawa sikujua aliyeitwa ni nani.