Tumbo la Bi Kahaso

Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye mbuzi, Bi Kahaso huigombeza nazi ya kwanza. "Nazi gani wewe, kichwa kikubwa, tui huna!" Akishaanza kukuna huihamia mbuzi yenyewe, kwa kuwa inayumba, kisha jua linaloingia jikoni bila hodi. Katika hoteli yetu ndogo ya Nyali tumeizoea sauti hiyo. Kwake Mtopanga anaishi peke yake tangu bintiye aende Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kwa hiyo maneno ya siku nzima huyamalizia kazini.

Jumatatu mwenye hoteli, mama wa Kiingereza, alipita jikoni akamwambia Elkana, mpishi mkuu: "Kahaso is bellyaching again." Akatabasamu, akaenda zake.

Elkana ni mtu wa Bungoma, mkali sana wa usafi. Alisikia tumbo, akasikia kuuma, akajumlisha. Na mgonjwa wa tumbo hagusi chakula cha wageni.

"Mama, enda nyumbani upone kwanza."

"Nipone nini?"

"Tumbo. Madam amesema linakuuma."

"Tumbo langu yeye kalionea wapi?"

Wote jikoni wakacheka. Bi Kahaso akavua aproni, akaondoka akinung'unika, na kila alivyozidi kunung'unika, Elkana alizidi kuamini kwamba anaumwa.

Dorcas, wa kuosha vyombo, akakalishwa kwenye mbuzi. Kibarua hakina subira: kiti chako kikizoewa na mwingine, ndiyo basi tena.

Mimi niko mapokezi. Habari ilinifikia Alhamisi. Nikamweleza Elkana kwamba neno lile halina ugonjwa ndani yake. Waingereza hulitumia kwa mtu anayelalamika bila kuchoka, tena juu ya vitu vidogo.

Elkana akashika kichwa. "Kumbe! Na vile nimekuwa nikimtumia uji!"

Akaenda kwa madam. Alirudi na jibu: Bi Kahaso aje kesho, lakini anyamaze, wageni wanakula karibu. Asiponyamaza, mbuzi ni ya Dorcas.

Jioni nilipita kwake. Alikuwa akiligombeza jiko la makaa.

"Shikamoo, Bi Kahaso."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lione hili, moshi tu, moto hamna!"

Nikampa habari yote, na sharti lake. Kisha nikamwuliza kama ataweza kunyamaza.

"Siwezi," alisema. "Nitanung'unika kwa Kigiriama. Watadhani naimba."