Siku Pelagia Alipoizima Mashine ya Hospitali

Pelagia alizaliwa Isikizya, kwa wazazi wakulima wa tumbaku, na mpaka leo mama yake hajui hasa mwanawe anafanya kazi gani. Akiulizwa na wenzake wa jumuiya husema, "Yupo hospitali mjini, anatibu kompyuta." Hajakosea sana. Katika ile hospitali ya misheni fundi wa kompyuta alikuwa yeye peke yake, na hakuwa na wa kumpokea zamu.

Jumatatu moja ya Oktoba, joto la kabla ya mvua likiwa limeushika mji, alifungua chumba cha seva, kompyuta kuu ya hospitali, akakuta taa nyekundu na mlio usiokoma. Diski za seva zilikuwa zinakufa. Ndani ya seva hiyo mlikuwa na kitu ambacho mafundi hukiita mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya nyingine. Hiyo ndiyo iliyobeba mafaili yote ya wagonjwa, dawa za kila mtu, vipimo vyake, damu ya nani inapatana na ya nani. Nakala ya akiba iliyo nzima ilikuwa ya Ijumaa. Zilizofuata zilikatikia njiani.

Pembeni ilikaa seva ya pili, zawadi ya parokia moja ya Ulaya, iliyofungwa juzijuzi tu. Pelagia akamshukuru Mungu kwa sauti. Akaketi, akaiagiza mashine pepe ihamie huko huku ikiendelea na kazi, ili wauguzi wodini wasijue hata kama kuna lililotokea.

Ikakataa. Skrini ilisema prosesa, yaani ubongo wa kila seva, hazilingani.

Akajaribu tena. Akachomoa nyaya, akazirudisha, akajaribu tena. Akampigia Vishal, mwenye duka la kompyuta karibu na soko, ambaye humsaidia akikwama.

"Kaka Vishal, inagoma kuhama. Inalalamikia prosesa."

"Nisomee namba za prosesa zote mbili, dada."

Akazisoma. Vishal akazilinganisha.

"Dada Pelagia, hiyo zawadi ni mpya kwenu tu. Prosesa yake ni ya zamani kuliko ya hiyo inayokufa. Mashine yako ilipowashwa iliikagua prosesa iliyonayo, ikazoea kutumia kila inachoweza. Sasa unataka kuihamishia kwenye prosesa isiyojua baadhi ya hizo kazi, tena katikati ya shughuli. Lazima igome."

"Nifanyeje sasa?"

"Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuweka tiki, ili iombe yale tu ambayo prosesa zote mbili zinayaweza. Ila tiki haiwekwi mashine ikiwa inawaka. Izime kwanza, halafu hamisha faili lake."

Kuizima! Sasa hivi, pamoja na maradhi yake, ilikuwa bado inapumua. Ikishazimwa, faili lake linaweza lisisomeke tena kwenye diski zile, na hapo kila kilichoandikwa tangu Ijumaa kimekwenda.

Alimkuta Sista Benedikta, msimamizi wa hospitali, nje ya wodi ya wazazi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mbona umesawijika hivyo?"

Pelagia akamweleza. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Ukiizima, itawaka?"

"Sijui, Sista."

"Mle ndani kuna mama kaletwa kutoka Sikonge, anavuja damu. Mpaka atundikiwe damu yake, usiguse kitu."

Pelagia akarudi kukaa mbele ya seva. Makosa ya diski yakawa yanaongezeka kwenye skrini, mstari juu ya mstari, naye hana la kufanya ila kuyatazama. Alianza Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya, akapotea tena.

Hatimaye simu ililia. "Yule mama kapata damu," alisema Sista. "Wodi zote zinaandika kwa kalamu. Fanya unalotaka kufanya."

Akaizima. Akaweka tiki. Akaanza kunakili faili kwenda seva ya pili. Mstari wa kunakili ulitambaa, ukakaribia mwisho, ukasimama. Akangoja. Ukafutika wote; kunakili kumeshindikana.

Wilbroad wa maabara alipokuja kuuliza kwa nini majibu yake hayaendi wodini, alimkuta ameketi sakafuni, kitenge amejifunika usoni, mabega yakitikisika.

"Da Pelagia, kuna nini?"

"Diski zimechoka, kaka. Zimechemka. Nimewaua watu."

Wilbroad aliugusa ubavu wa seva akaondoa mkono haraka. Alitoka mbio, akarudi na feni ya maabara, akaielekeza kwenye diski. Pelagia akainuka. Walingoja chuma kipoe, kisha akaanza kunakili upya, bila matumaini. Mstari ukafika pale pale, ukasimama. Pelagia akafumba macho. Alipofumbua, ulikuwa umefika mwisho.

Mashine pepe iliwaka kwenye seva ya pili. Majina yakatokea, yule mama wa Sikonge akiwemo. Pelagia hakuweza hata kufurahi.

Na haikuchukua muda, likaja jingine. Programu inayopokea majibu kutoka mashine za maabara ikawa kila ikifunguliwa inajifunga papo hapo. Akampigia tena Vishal.

"Hiyo imetengenezwa kwa kutegemea kazi ambazo prosesa ya zamani haizijui," alisema Vishal kwa huzuni. "Hapo tiki haisaidii. Wenyewe walioiunda wawatengenezee toleo jingine."

Pelagia akawaandikia wenyewe. Wakamjibu kwamba ujumbe wake umepokelewa. Akajaribu kurudi kwenye seva ya kwanza, haikuwaka tena.

Alasiri hiyo akachukua kiti, akaenda maabara, akakaa kwenye kompyuta kando ya Wilbroad. Foleni ya wagonjwa ilitoka mlangoni ikaufuata ukuta mpaka juani. Wilbroad alisoma majibu kwenye karatasi, yeye akayaingiza kwa mkono, jibu moja moja, akijua kwamba tarakimu moja ikikosewa kuna mtu atapewa dawa isiyo yake.

"Mtoto wa kiume, wodi ya watoto. Damu yake chache mno, nne nukta mbili."

"Nne?"

"Nne."

Akaandika. Akaisoma tena kwa sauti, kidole kikiwa juu ya skrini, kisha akaomba jibu linalofuata.