Mtengeneza Soda Aliyeacha Soda

Katika lokesheni ya Eldoret, mtaa wa Waafrika, miaka ile baada ya vita vya Hitler, harusi ya watu wa kanisa haikuwa harusi mpaka Nicanor Wasike afungue chupa ya kwanza. Chupa za soda wakati huo hazikuwa na kifuniko cha bati. Zilikuwa na goroli ya kioo shingoni, na gesi ya ndani ndiyo iliyoishikilia. Mtu asiyejua angeisukuma ile goroli vibaya, soda imrukie usoni, watoto wacheke mpaka waanguke. Nicanor aliibonyeza mara moja tu kwa kidole gumba, ikalia paa, na hakuna tone lililomwagika. Kisha alionja kwanza yeye mwenyewe, macho ameyafumba, kabla ya kumpa bwana harusi.

"Iko sawa," alikuwa akisema, na watu walipiga makofi.

Heshima hiyo aliipata kwa sababu soda yenyewe alikuwa ameitengeneza yeye. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha Mhindi mmoja aliyeitwa Hirji, karibu na stesheni ya reli. Alipokuja kutoka upande wa Lugulu akiwa kijana, Hirji alimchukua awe mwosha chupa, lakini haukupita muda akaugundua ulimi wake. Nicanor akionja maji ya sukari kabla hayajatiwa gesi, alijua kama tangawizi imezidi au limau limepungua. Basi akapewa pipa la kuchanganyia na kijiko kirefu cha mbao, na tangu hapo hakuna soda iliyotoka mle ndani bila kupita kinywani mwake.

Mkewe, Tryphosa Nanyama, alijivunia hayo. Walikuwa watu wa kanisa la Friends na pombe hawakuigusa. Wanaume wengine wa lokesheni wakipokea mshahara walipotelea kwenye busaa, wakarudishwa nyumbani wamebebwa. Mume wake alirudi na chupa za soda kwapani, akiimba besi ya wimbo wa Jumapili. Alikunywa kazini, akanywa akifika nyumbani, akanywa tena na chakula. Hata chai yake aliitaka iwe tamu kama asali. Tryphosa hakuona ubaya. Mwanamume lazima awe na kitu cha kumfurahisha, na hiki hakikumpiga mtu wala kumtukana mtu.

Kiu ndiyo iliyoanza. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo umejaa vumbi la mashamba ya ngano, kila mtu akilalamika koo limekauka, kwa hiyo hakuna aliyeishangaa. Lakini mvua ziliponyesha, kiu ya Nicanor haikuondoka. Alikunywa soda ili imtoke, na kadiri alivyokunywa ndivyo ilivyomzidi. Akaanza kukonda. Suruali ikawa inamvuka, akaifunga kwa kamba. Yeye aliyekuwa akiongoza besi kanisani, sasa alisinzia kabla mhubiri hajafungua Biblia. Halafu kipande cha chupa kikamkata kidole cha mguu, kidonda kidogo tu ambacho mtu mwingine angekisahau, na kile kidonda kikakataa kufunga. Tryphosa alikiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Kilibaki vilevile, kibichi na chenye harufu.

Asubuhi moja alitoka na ufagio kwenda kufagia nyuma ya choo. Pale kwenye nyasi ambapo mumewe alizoea kusimama kwa haja ndogo, aliona sisimizi. Walikuwa wengi, wamejipanga mistari, wanakuja kutoka ukutani kana kwamba kuna mtu amemwaga sukari. Tryphosa alisimama na ufagio mkononi. Kwao kulikuwa na mzee mmoja aliyefuatwa na sisimizi namna hiyo, na mzee huyo alikufa baada ya kukatwa mguu.

Aliingia ndani. Nicanor alikuwa anafunga kitambaa kwenye kidole.

"Baba Nelima, leo huendi kazini. Tunaenda hospitali."

"Kwa sababu ya kidole hiki tu, Mama Nelima?"

"Achana na kidole. Njoo uone kitu."

Alimpeleka nyuma, akamwonyesha. Nicanor aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Wameonja wakaona iko sawa," alisema, akajaribu kucheka. Akaenda kuvaa koti.

Katika hospitali ya serikali, upande wa Waafrika, walipokewa na Kipyego, dresa, yaani msaidizi wa daktari, kutoka Kapseret, mtu mpole aliyezungumza na wagonjwa kama anayezungumza na ndugu zake wakubwa. Alimpa Nicanor kichupa akajisaidie humo. Kisha akachukua matone machache, akayatia ndani ya dawa ya rangi ya bluu, akaichemsha juu ya moto wa spiriti. Tryphosa aliiangalia ile dawa. Ilikuwa bluu, ikawa kijani, ikawa njano, na mwishowe ikawa nyekundu kama tofali.

"Hiyo ndiyo sukari, Mzee," Kipyego alisema. "Yote hiyo imetoka kwako."

Daktari alikuja, akakitazama kidonda, akasema mengi kwa Kiingereza, na Kipyego akayatafsiri polepole. Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Dawa ya sindano ilikuwepo, lakini ilitoka Nairobi kwa shida, na mtu akiianza hudungwa kila siku. Nicanor alikuwa bado na nafasi ya kujaribu kwanza kwa kuuchunga mdomo wake mwenyewe. Soda aache kabisa. Sukari kwenye chai aache. Ugali uwe mdogo, mboga na maharagwe yawe mengi, na atembee sana kidonda kikipona. Akikataa, mguu utakatwa, na baada ya mguu yatafuata macho.

"Hata ya kuonja tu?" Nicanor aliuliza. "Kuonja ndiyo kazi yangu."

"Unaonja mara ngapi kwa siku, Mzee?"

Tryphosa ndiye aliyejibu. "Hawezi kuhesabu."

Waliporudi nyumbani, Nicanor alisimama mlangoni. "Kama ningeambiwa niache pombe," alisema, "ningewafuata wenzangu walioacha, wakanionyesha njia. Lakini soda? Umeshasikia nani ameacha soda?"

Siku hiyo Tryphosa alichukua sukari yote iliyokuwa nyumbani akampa jirani. Yeye na binti yao Nelima wakaanza kunywa chai bila sukari pamoja naye, ingawa hakuna aliyewaomba.

Ikawa kazi ngumu. Kichwa kilimuuma Nicanor, akawa mkali kwa vitu vidogo, akasukuma sahani ya mboga mpaka ikaanguka kisha akainama kuiokota mwenyewe. Kazini alijaribu kuonja na kutema. Aliweza kwa siku kadhaa. Halafu jioni moja akarudi nyumbani, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Leo nimekunywa," alimwambia mkewe. "Si kuonja. Nimekunywa chupa nzima, halafu nikafungua nyingine."

Tryphosa alikuwa na maneno makali mengi, na yote yalimjia mdomoni. Lakini aliona kwamba mtu huyu angeweza kumficha na hakumficha. Akamvutia kiti.

"Kosa si langu peke yangu," Nicanor aliendelea baada ya kukaa. "Ni lile pipa pia. Siwezi kuacha soda huku nimeshika kijiko."

Kesho yake mchana Tryphosa alimpelekea maharagwe kiwandani, akayakuta mambo yakitendeka. Nicanor alikuwa amesimama mbele ya Hirji, na karibu naye alisimama Kimeli, mwanamume wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kuosha chupa. Kijiko cha mbao kilikuwa mikononi mwa Kimeli, naye alikishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

"Nikanor, wewe toka hapa, soda yangu yote haribika!" Hirji alilia. "Watu taka soda ya Nikanor!"

"Haitaharibika, Bwana. Nitamfundisha huyu mpaka aijue kama mimi. Ulimi wake mzima. Wangu umemaliza kazi."

"Na wewe? Wewe fanya nini?"

"Nipe mkokoteni."

Mkokoteni ulikuwa kazi ya hamali, kusukuma kreti kutoka kiwandani mpaka madukani na stesheni, jua na mvua. Mtu hakutoka kwenye pipa akaenda kwenye mkokoteni. Ilikuwa kama karani kuomba ufagio. Lakini Tryphosa alimtazama mumewe usoni na kuona kwamba shauri limekwisha kukatwa, akamkabidhi maharagwe yake.

Msimu mzima Nicanor alimfundisha Kimeli bila kutia tone mdomoni. Aliinamia pipa na kunusa, kisha akauliza, "Inakuwasha wapi? Mbele ya ulimi ama nyuma? Kama ni nyuma, tangawizi imezidi." Na Kimeli alionja, akafikiri, akajibu. Mwanzoni alikosea sana. Hirji alishika kichwa. Nicanor hakumfichia hata siri moja, ijapokuwa kila alichompa kilikuwa kinapunguza kile alichokuwa nacho yeye. Watu wa lokesheni walimcheka kidogo walipomwona nyuma ya mkokoteni. Aliwasalimu wote kwa majina.

Kidonda kikafunga. Suruali ikaacha kuhitaji kamba. Kanisani besi ikarudi, na Tryphosa, upande wa wanawake, aliinamisha kichwa ili asionekane analia. Kila alipokwenda kwa Kipyego, ile dawa ilipungua wekundu, mpaka siku moja ikachemka na kubaki bluu. Kipyego akamwita daktari aje aitazame.

Ndipo Nelima alipochumbiwa. Kijana alikuwa mtoto wa Mzee Kituyi, nyapara katika shamba la mzungu mmoja huko Ainabkoi. Nicanor na Tryphosa walipanda treni wakaenda kuwaona wakwe. Nyumba ilikuwa imejaa watu, kuku wamechinjwa, na katikati ya meza kulikuwa na kreti ya soda ya Hirji, iliyoletwa kwa treni. Nicanor mwenyewe ndiye aliyeipakia stesheni siku chache nyuma, bila kujua ni ya nani.

Mzee Kituyi, mtu mnene wa sauti kubwa, alichukua chupa akamshikisha mgeni wake. "Mkwe, sifa zako zimefika mpaka huku. Sherehe haianzi mpaka wewe uonje."

Nicanor aliibonyeza goroli. Ililia paa, na hakuna kilichomwagika, watu wakashangilia. Tangawizi ikanukia chumba kizima. Halafu Nicanor akampa mchumba wa Nelima ile chupa kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe, mwanangu. Mimi naomba maji."

Kelele zilikatika. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Anatuogopa? Anadhani tumemtilia kitu?" Katika nyumba ya wakwe hakuna neno baya kuliko hilo. Uchumba wa binti yao ulikuwa umesimama juu ya chupa moja ya soda.

Nicanor alisimama. "Hapana, mama. Soda hii ni nzuri, namjua aliyeitengeneza. Mimi ni mgonjwa wa sukari." Akawaeleza yote. Aliwaeleza kiu, na kidole kilichooza, na dawa iliyogeuka nyekundu. Aliwaeleza hata sisimizi nyuma ya choo. Tryphosa alitamani ardhi ipasuke, mambo ya choo mbele ya wakwe! Lakini mumewe alisema bila aibu, kama mtu anayeelekeza njia. "Nikinywa hii kwa heshima yenu," alimalizia, "mtakuja kunizika kwa heshima yangu. Nipeni maji, niwaone wajukuu."

Mzee Kituyi aliitazama soda mkononi mwake. Glasi yake ilikuwa imejaa. Aliiweka chini taratibu.

"Mleteeni mkwe wangu maji," alisema. "Na mimi pia."

Chakula kilipokwisha, wanawake wakiosha vyombo, Tryphosa aliwaona wale wanaume wawili wamesimama nyuma ya ghala. Kituyi alikuwa anaongea akiangalia chini, na Nicanor alikuwa amemshika bega. Kwenye treni ya kurudi ndipo alipoambiwa.

"Mkwe anakuja Jumatatu, nimpeleke kwa Kipyego. Ana sisimizi tangu wakati wa mavuno. Hakumwambia hata mkewe."

Kituyi alikuja. Ugonjwa wake ulikuwa umekwenda mbali zaidi, na baadaye alihitaji ile sindano ya Nairobi, lakini miguu yake yote miwili alibaki nayo, akacheza harusini, akambeba mtoto wa kwanza wa Nelima. Habari zikasambaa. Watu wakawa wanamsimamisha Nicanor barabarani, wanajifanya wanauliza habari za kazi, kisha wanashusha sauti: "Ile kiu, Baba Nelima, ilikuanza vipi?" Naye aliushusha mkokoteni, akawasikiliza. Wasio wagonjwa hakuwatisha. Soda ya Kimeli ilisifiwa mpaka Burnt Forest, na wa kwanza kuisifu alikuwa yeye.

Miaka ilipita hivyo. Asubuhi moja ya mvua, Tryphosa alipokuwa akienda sokoni, alimkuta mumewe amesimama njiani kupumua, kreti zimejaa mkokoteni, chupa zinagongana.

"Bado unaitamani?" alimuuliza. Alikuwa hajawahi kumuuliza.

"Kila siku," alisema Nicanor. "Kimeli akijaza gesi, mimi nasikia mpaka kwenye meno."

"Na unafanyaje?"

"Nasukuma mkokoteni." Akautazama mlima ule wa matope uliokuwa mbele yake. "Lakini leo njia ni mbaya. Nisaidie mpaka pale juu."

Tryphosa aliweka kikapu chake juu ya kreti, akakunja kanga, wakasukuma pamoja.