Wawili Tuliowaacha Kilimambogo

Nakumbuka alasiri moja ya Agosti, mwanangu, juu ya mlima wa Kilimambogo, nilipoulizwa swali rahisi nikalijibu kwa uongo wa neno moja. Nakuandikia kwa sababu nimesikia vijana wa kanisa letu hapa Ngoingwa wamekuchagua uwaongoze katika safari ya kwenda kutazama wanyama. Ni heshima, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yako. Mimi nilipewa heshima hiyo nikiwa na miaka ishirini na mitatu.

Tulikuwa vijana thelathini na wawili kutoka Thika na Ruiru, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona mnyama mkubwa kuliko ng'ombe. Safari ilikuwa ya siku mbili, na siku ya kwanza ilikuwa ya mlima. Kwa kuwa nilikuwa katibu wa vijana wa kanisa, nilikaa mbele ya lori pamoja na dereva, nimefunga tai. Naam, tai, kwenda kuona nyati. Nyuma, katikati ya wasichana, alikuwa dada yangu mdogo, Njeri. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameniambia, "Huyo ni wako mpaka mrudi."

Kwenye lango la hifadhi alipanda askari wa wanyama, mtu wa maneno machache mwenye bunduki. Tulipokaribia kilele alituruhusu tushuke tunyooshe miguu.

"Dakika kumi," akasema. "Msipite ile miti. Kuna nyati dume mzee hapa, anatembea peke yake. Wa namna hiyo ndio wabaya."

"Afande, sisi ni watu wa maombi," nikamwambia.

"Sawa. Lakini yeye haulizi dhehebu."

Ukungu ulishuka ghafla. Askari akagonga lori, watu wakapanda haraka wakisukumana. "Katibu, hesabu watu wako," akaniambia.

Unajua wahubiri wetu wanavyopenda kusema mgeukie jirani yako umwambie neno. Nami nilitamani sana kusikika kama mhubiri. Nikasimama nyuma ya lori nikanyoosha mkono. "Mgeukie jirani yako, mwambie, nimefurahi kukuona. Kuna yeyote hana jirani?"

Wakacheka sana. "Hakuna, katibu! Hata nimepewa wawili," akasema mmoja.

Nikarudi mbele nimeridhika.

"Umehesabu?" askari akauliza.

"Nimehesabu."

"Wangapi?"

"Thelathini na wawili."

Tukateremka. Langoni yule askari alipanda nyuma mwenyewe, akaanza kumwekea kila kijana kidole begani, hata mimi niliyemfuata. Akafika thelathini. Akarudia. Thelathini. Kicheko kikaisha. Ndipo msichana mmoja aliposema polepole, "Njeri na Wambui. Walienda nyuma ya miti kujisaidia." Hao wawili walikuwa wamekaa pamoja tangu asubuhi, kila mmoja jirani wa mwenzake. Walipokosekana pamoja, hakuna aliyebaki bila jirani.

Tuliwaacha wengine langoni, tukapanda tena watu wanne: dereva, askari, mimi, na Mzee Gathogo, mzee wa kanisa aliyekuwa ametusindikiza. Njiani nikaanza kuomba kwa sauti kama tulivyozoea. Mzee akaniwekea mkono gotini. "Omba kimya," akasema. "Mungu atakusikia, na nyati hatakusikia."

Tuliwakuta juu ya mti mwembamba pembeni mwa barabara, Wambui akiwa na kiatu kimoja. Chini yao alisimama yule dume. Dereva akazima injini. Askari akashuka taratibu, bunduki mkononi, akasimama. Nyati akainua kichwa akatutazama, nasi tukamtazama, na hakuna aliyesogea. Nilikuwa nikiuangalia mkono wa Njeri. Ulikuwa ukiteleza kwenye tawi, anashika tena, unateleza tena. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Najua kwamba nilimwambia Mungu mambo ambayo sijawahi kumwambia tena.

Hatimaye yule mnyama akageuka, akaingia kichakani bila haraka. Askari akainua mkono, yaani bado. Tukangoja. Kisha akawaita washuke.

Njeri aliposhuka hakulia. Aliniambia tu, "Tulisikia lori likiondoka. Nikamwambia Wambui tusiogope, katibu ni kaka yangu, atahesabu."

Tuliporudi langoni Mzee Gathogo akaniita kando. "Ile thelathini na wawili uliitoa wapi?"

"Kwenye orodha, mzee."

"Kwenye orodha Njeri yumo. Hata angekufa leo, kwenye orodha angekuwemo." Hakupaza sauti. "Nenda ukamwambie askari ukweli. Kisha wenzako. Na ukifika nyumbani, mama yako."

Nilifanya yote matatu. Hilo la mwisho lilinitoa jasho kuliko mlima.

Basi mwanangu, nisikilize. Siku hizi mna kikundi chenu kwenye simu. Utauliza kama wote wako ndani ya gari, na alama za dole gumba zitajaa. Usizikubali. Panda, mwite kila mtu kwa jina, umtazame usoni mpaka aitike. Wakikucheka kwamba unawachelewesha, waache wacheke. Na ukiulizwa kama umefanya jambo ambalo hujalifanya, sema bado. Neno hilo litakupunguzia sifa kwa dakika mbili tu, nami najua bei ya kulikwepa. Uongozi si kiti cha mbele. Watu uliokabidhiwa wanakuamini hata mahali ambapo huwaoni, na imani hiyo ni deni mbele za Mungu.

Bwana akutangulie barabarani. Akupe macho ya kumwona kila mmoja, na moyo usioona haya kusema kweli. Awarudishe wote kwa mama zao, mmoja mmoja, kwa majina yao. Amina.